Kiboksi nje ya mgahawa: kisa cha Wetherby

Wetherby ni mji mdogo wa soko kaskazini mwa Uingereza, kando ya mto Wharfe, chini ya halmashauri ya Leeds. Mwanzoni mwa Julai 2011 mtu mmoja alionekana nje ya mgahawa mjini hapo akihangaika na kiboksi kidogo cha plastiki. Akakiacha pale, akaenda zake. Aliyemwona akapiga simu polisi. Barabara ikafungwa, watu wakaondolewa, wakaitwa wataalamu wa mabomu wa jeshi, na kiboksi kikasambaratishwa kwa mlipuko wa kudhibitiwa. Baadaye ikajulikana kwamba kilikuwa kasha la mchezo.

Mchezo wenyewe ni jiokachingi (geocaching). Mtu anaficha kasha lenye daftari ndani, anatangaza kodineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo, kwenye tovuti, na wengine wanalitafuta kwa GPS au kwa simu. Ukilipata unaandika jina lako na tarehe, unalirudisha lilivyokuwa, halafu unaripoti mtandaoni. Makasha makubwa huwa na vitu vya kubadilishana: gololi, beji, kigari cha mtoto. Yaliyo madogo kabisa, ya sumaku, yanalingana na ncha ya kidole na hubeba ukanda wa karatasi tu.

Wachezaji wengi wakikisimulia kisa hiki hukicheka: jeshi zima dhidi ya kiboksi cha plastiki. Mimi huwa nakitoa kila mtu anaponiuliza afiche wapi kasha lake la kwanza mjini, kwa sababu ukikipekua unakuta kila aliyehusika alifanya jambo la kawaida kabisa, na mtaa ukafungwa hivyo hivyo.

Pande mbili za kioo

Tuanze na mtafutaji, yule aliyeonekana na kiboksi. GPS ya simu haikufikishi mpaka kwenye kasha. Penye anga wazi hukosea mita kadhaa. Katikati ya majengo hukosea zaidi, maana mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza ndipo yafike kwenye simu. Kwa hiyo mjini, mahali ambapo ungependa kumaliza upesi uondoke, ndipo unapolazimika kuzunguka kwa muda mrefu. Unachungulia chini ya benchi, unapitisha vidole nyuma ya bomba la maji ya mvua, unainama, unainuka, unatazama simu tena.

Juu ya hayo kuna fundisho la kwanza analopewa kila mgeni wa mchezo: usionekane. Ngoja wapita njia waishe, ndipo utoe kasha. Anayelitii fundisho hilo hutazama kushoto, hutazama kulia, huweka simu sikioni akijifanya anaongea. Ndivyo anavyosimama mwizi wa vioo vya gari kabla hajaanza kazi.

Sasa ingia ndani ya mgahawa. Aliyeko dirishani hajui habari za kodineti. Anaona mtu ambaye hanunui, hamngojei mtu, haondoki, anainama mahali pasipo na sababu ya kuinama, ana kiboksi mkononi, kisha anakiacha na kuondoka. Hilo la kuacha ndilo lenye uzito. Mwizi huchukua kitu akaondoka nacho. Huyu ameacha kitu akaondoka. Kichwani mwa mtu mwenye akili timamu orodha ya sababu za kuacha kiboksi kilichofungwa mbele ya mgahawa si ndefu.

Na mahali penyewe ni wilaya ya Leeds. Tarehe 7 Julai 2005 watu 52 waliuawa kwa mabomu kwenye treni na basi la London, na watatu kati ya washambuliaji wanne walitoka maeneo ya Leeds. Mabomu yenyewe yalitengenezwa kwenye nyumba moja Leeds. Kumbukumbu ya sita ya siku hiyo ilikuwa imebakiza siku chache tu. Sisemi kwamba aliyepiga simu alikuwa akiwaza hayo; nasema mji ulikuwa na sababu zake za kuogopa, na aliyeficha kasha pale alipaswa kuzijua kabla hajachagua pa kuficha. Aliyepiga simu alifanya sawasawa. Nikikusikia unamwita mwoga, najua hujawahi kukaa mahali palipopigwa.

Polisi nao, simu ikishaingia, hawana njia ya kurudi nyuma. Hakuna askari atakayekubali kufungua kwa mkono kiboksi ambacho shahidi amesema kiliachwa na mtu wa kutiliwa shaka. Wataalamu wa mabomu kwa kawaida hukipeleka kiroboti, na huo mlipuko wa kudhibitiwa mara nyingi ni risasi ya maji: maji yanarushwa kwa kasi ya ajabu yanapasua kasha na kulitawanya kabla waya wowote haujafanya kazi. Gololi zinaruka, daftari linalowa, majina ya waliopita yanaishia kwenye lami.

Hapa nataka tuelewane kuhusu lebo. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuandika juu ya kasha kwamba ni la mchezo, na ni ushauri mzuri, lakini faida yake iko kabla ya simu kupigwa. Mfagiaji akilikuta, au mhudumu anayekusanya vikombe, atasoma, atatabasamu, ataliacha. Baada ya polisi kuitwa, lebo ni maandishi tu, na yeyote anaweza kubandika maandishi juu ya chochote. Kinachosaidia hata wakati huo ni kasha angavu, ambalo mtu akiwa mbali kidogo anaona daftari na penseli ndani, na namba ya simu ya mwenye kasha ambayo polisi wanaweza kuipiga papo hapo. Bomba la plastiki lililozibwa ncha zote mbili, kopo lililozungushiwa utepe mweusi wa gundi, sanduku la risasi lenye maandishi ya kijeshi: hivyo mjini usivitumie kabisa, hata kama duka la vifaa vya mchezo linakuuzia.

Tabia za msituni zilizohamia mjini

Kwa nini wachezaji wanafundishwa kujificha hivyo? Kwa sababu mchezo ulizaliwa porini. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa upotoshaji iliokuwa ikiuweka makusudi kwenye mawimbi ya GPS ya raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa makumi ya mita vikaanza kulenga karibu. Kesho yake Dave Ulmer akaenda karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akafukia ndoo nyeusi hadi nusu yake kando ya barabara ya msituni, akaweka ndani daftari, penseli na vitu kadhaa, ikiwemo kopo la maharage, akatangaza kodineti kwenye intaneti. Sharti lilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Mike Teague akaipata ndani ya siku chache. Tovuti ya Geocaching.com ikazinduliwa Septemba mwaka huo huo.

Ndoo ile leo isingeidhinishwa. Tovuti inakataza kufukia kasha, inakataza chakula ndani yake kwa sababu wanyama hulitafuna wakalitawanya, na inataka ruhusa ya mwenye ardhi. Lakini msituni mambo mengi husameheka. Ukijificha msituni unalilinda kasha lisiibwe na hakuna unayemtisha, kwa kuwa hakuna mtu. Tabia ile ile ilipohamishiwa mtaani ikageuka. Mtaani wapita njia hawaishi, na kila unapongoja waishe ndivyo unavyozidi kuonekana.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa sana. Kanuni za Geocaching.com zinakataza kasha la kibiashara: mtafutaji asilazimike kuingia dukani, kuongea na wafanyakazi wala kununua chochote. Nia ni njema, mchezo usigeuke tangazo. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeupenda mgahawa fulani, anayetaka kuwaleta wageni kwenye uwanja ule, hawezi kuliweka kasha kaunta kwa mhudumu. Analisukuma nje, hatua mbili kutoka mlangoni, mahali ambapo si ndani wala si mbali: mwenye mgahawa halitazami, lakini wateja wake wote wanalitazama. Wetherby iko kwenye pengo hilo hasa.

Angefanyaje mwenye kasha

Kanuni za jumla anazikuta kwenye tovuti, na wahakiki wa kujitolea wanazisimamia: makasha yaachane angalau mita 161, yawe mbali na reli, yasiwe karibu na shule, kambi za jeshi, viwanja vya ndege, madaraja makubwa na majengo ya serikali. Mhakiki lakini anakaa mbali, anatazama ramani. Haoni dirisha la mgahawa wala meza zilizopangwa nje. Hilo ni la kuonwa na mwenye kasha peke yake, na njia ya kuliona ni rahisi: kaa pale nusu saa siku ya Jumamosi saa sita mchana, utazame ni watu wangapi wangekuona ukiinama. Wakiwa wengi, mahali hapo hapafai, hata kama pa kufichia ni pazuri kiasi gani.

Kama hamu yake ilikuwa kuuonyesha mji, kulikuwa na njia bora. Kwenye mji wa soko namba ziko kila mahali: mwaka juu ya mlango wa jengo la kale, idadi ya ngazi, tarehe kwenye jiwe la kumbukumbu. Mtafutaji anakusanya namba hizo akitembea kama mtalii yeyote, anazijumlisha, zinampa kodineti za kasha lililo nje ya mji, kwenye njia ya miguu kando ya mto. Mji unatoa namba, kichaka kinatunza kasha. Au asifiche chochote: kuna aina za makasha zisizo na kasha lolote, ambapo mgeni anafika, anatazama, anajibu maswali. Yale yanayohusu miamba na ardhi yapo tangu 2004 chini ya ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani, na kwa mahali penye ulinzi mkali sijui njia iliyo salama kuliko hiyo.

Ruhusa ndiyo yenye mitego zaidi. Waingereza wamejitahidi: chama chao cha wachezaji, GAGB, kinatunza orodha ya makubaliano na wamiliki wa ardhi, ili mtu ajue wapi pameshaombwa na kwa masharti gani. Lakini makubaliano na mmiliki hayamfikii mtu wa zamu. Mwenye mgahawa anakubali Machi, mhudumu aliyesikia anaacha kazi Mei, wa Julai hajui lolote. Iwe pale Wetherby palikuwa na ruhusa au hapakuwa nayo, simu iliyopigwa inaonyesha kwamba aliyeona hakuwa na habari. Kwa hiyo ruhusa ya mjini haiombwi mara moja tu. Kila unapokwenda kubadilisha daftari au kukausha kasha, pitia ndani, salimia, uone kama bado wanakujua. Ukikuta sura mpya, eleza upya, ufungue kasha mbele yake ashike penseli.

Na mtafutaji je?

Yeye angeweza kukimaliza kisa kabla hakijaanza. Ukifika ukaona kasha liko chini ya macho ya watu waliokaa wanakula, una mambo mawili tu ya kufanya. La kwanza ni kuondoka. Andika kwenye ukurasa wa kasha kwamba hukulitafuta kwa sababu ya watu, na hiyo ripoti ina manufaa kwa mwenye kasha kuliko ripoti kumi za waliofanikiwa. Wengi huona haya kuandika kwamba hawakupata. Matokeo yake mwenye kasha anaamini mambo ni shwari.

La pili ni kupiga hodi. Ingia, salimia, sema: samahani, kuna mchezo tunaoucheza kwa simu, kuna kikasha hapa nje, naomba nikitazame dakika moja. Dunia nzima hakuna mhudumu atakayekuitia polisi baada ya hapo. Pengine atatoka kukutazama, na ukiondoka atajua kilichoko pale. Wakereketwa watasema umeharibu siri. Siri ya kujua kilichofichwa mlangoni kwa mtu, na mwenyewe hajui, mimi siioni kuwa ni ya kutunzwa.

Askari akikufuata, usianze kukimbia wala kutupa kasha. Weka mikono ionekane, sema ukweli mara moja, fungua ukurasa wa kasha kwenye simu umwonyeshe kodineti, jina na namba yake. Hadithi ya uongo, kwamba unafunga kamba ya kiatu au umepoteza funguo, ndiyo inayogeuza dakika tano kuwa saa tano kituoni.

Huku kwetu

Makasha yapo Kenya na Tanzania pia, mengine yamewekwa na wageni na mengine na wenyeji, kwa hiyo kisa hiki kinatuhusu. Kuhusu mabomu hakuna haja ya maneno mengi. Nairobi na Dar es Salaam zimepigwa tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi imerudiwa Westgate Septemba 2013 na Dusit Januari 2019. Ukitoa kitu chenye sumaku chini ya benchi karibu na jengo la maduka ambako walinzi wanakagua magari kwa vioo, usitarajie mtu akusikilize kwanza.

Lakini nje ya miji mikubwa bomu huenda lisiwe wazo la kwanza la aliyekuona. Hebu litazame kasha kwa macho ya mtu asiyeujua mchezo: kichupa kilichofungwa, ndani karatasi yenye majina ya watu na tarehe, sarafu mbili, shanga, kimefichwa usiku kwenye shina la mti. Nani atasema huo ni mchezo? Watasema kuna mtu amewekewa kitu. Na tuhuma ya uchawi haimwangukii mgeni ambaye kesho yake amepanda ndege. Humwangukia bibi kizee anayeishi jirani na mti ule. Watu wamepoteza maisha kwa tuhuma nyepesi kuliko hiyo. Hili kwangu ni zito kuliko kufungwa kwa mtaa, na mwongozo ulioandikwa Seattle, Marekani, yaliko makao ya Geocaching.com, hauwezi kulitaja.

Kwa sababu hiyo hiyo kaa mbali na mibuyu mikubwa, mapango na makaburi. Ukikuta ubani, marashi na kitambaa kwenye pango, hilo si kasha wala si vitu vya kubadilishana, usiguse. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2008, ina wazee wake na miiko yake, na haihitaji daftari letu.

Mahali pengine panapofaa, anza kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, Kenya kwa chifu na wazee wa nyumba kumi. Kwenye msitu wa hifadhi anza kwa wasimamizi wake. Halafu shuka mpaka kwa mlinzi na kwa mama muuza mihogo anayekaa karibu, maana yeye ndiye atakayekuwepo siku zote. Lebo iandikwe Kiswahili: huu ni mchezo, hakuna hatari, unaweza kufungua ukatazama, tafadhali rudisha, ukiwa na swali piga namba hii. Lebo nyingi nilizoziona zimeandikwa Kiingereza kitupu, kana kwamba anayetakiwa kutulizwa ni mtalii.

Chombo kiwe angavu, tena kisiwe na kazi nyingine nyumbani. Kopo zuri lenye mfuniko wa kubana litachukuliwa kuwekewa chumvi, na siwezi kumlaumu aliyelichukua. Vile vichupa vinene vya plastiki ambavyo viwandani hupulizwa vikawa chupa za soda vinafaa sana: havipitishi maji, vinaonyesha kilicho ndani, na hakuna anayevihitaji jikoni.

Ikitokea kasha limezua taharuki kama ya Wetherby, mwenyewe ana kazi ya siku hiyo hiyo. Awapigie polisi ajitambulishe, asingoje kutafutwa. Aende kwa mwenye mgahawa aombe radhi uso kwa uso, maana aliyepoteza mauzo ya siku ni yeye. Kwenye tovuti asilisimamishe kwa muda tu, alifunge moja kwa moja, na aandike juu kabisa ya maelezo kwamba kasha halipo na mahali pasisogelewe. Wachezaji wengi hupakua orodha za makasha kwenye vifaa vyao wiki kadhaa kabla ya safari, hawatazami tovuti tena. Kwa miezi kadhaa mtu mwingine anaweza kufika pale pale na kodineti za zamani, akaanza kuinama mbele ya dirisha lile lile, kwa hiyo mgahawani waachiwe namba ya simu ya mwenye kasha, iliyoandikwa kwa herufi kubwa.